Betri ya Banksy: nani aliiamsha mashine ndani ya fremu?

Oktoba 5, 2018, katika mnada wa Sotheby's jijini London, nyundo ilikuwa imeshagongwa kwa picha ya mwisho ya jioni ile: "Girl with Balloon" (Msichana na Puto) ya Banksy, msanii wa Uingereza anayeficha utambulisho wake, pauni 1,042,000 pamoja na ada. Mara king'ora kikalia. Picha ikaanza kuteremka ndani ya fremu yake na kuchomoza chini ikiwa imechanwa vipande virefu vyembamba kama tambi. Ilipofika katikati ikakwama.

Banksy alitoa video akionyesha visu vikifungwa ndani ya fremu, na kueleza kwamba aliificha mashine hiyo miaka michache nyuma, endapo picha ingepelekwa mnadani. Wengi waliridhika. Wengine, hasa mafundi, walianza kupiga hesabu.

Shaka ya kwanza ni visu vyenyewe. Kwenye video vinaonekana kama vimelazwa ubavu, jambo lililozaa nadharia kwamba hakuna kilichokatwa: picha halisi ilijiviringisha kwenye rola ndani ya fremu, huku nakala iliyochanwa mapema ikisukumwa nje chini yake. Ni nadharia tamu, na ina faida moja ya kiufundi: kuviringisha kunahitaji mota dhaifu kuliko kukata. Lakini fundi cherehani yeyote anajua kwamba kitambaa kilichokazwa, ukikianzishia kwa wembe, kinachanika kwa kuvutwa tu. Isitoshe, kazi hiyo ilipewa jina jipya, "Love is in the Bin", ikathibitishwa upya na ofisi ya Banksy, ikaonyeshwa makumbusho nchini Ujerumani, kisha mwaka 2021 ikauzwa tena kwa pauni milioni 18.58. Mtu wa kutoa fedha hizo haachi kuchungulia nyuma ya fremu. Nadharia ya rola mimi naiweka kando.

Betri ndiyo inayonisumbua. Picha ni ya mwaka 2006; kama mashine iliingizwa wakati huo, betri ilisubiri miaka 12. Tuseme mashine iliamshwa kwa rimoti kutoka mbali: kipokezi kinachosikiliza muda wote, kwa mfano kwa miliampea 10, kinamaliza betri ndogo ya kawaida yenye ampea-saa 2.5 (miliampea 2,500 kwa saa moja) kwa saa 250, yaani siku kumi na ushei. Anayesahau betri ndani ya tochi kabatini anajua pia kwamba hata isipotumika hufa yenyewe, tena huvujisha maji yake.

Wanaoitetea hadithi ya Banksy wana jibu, na si la kipuuzi. Kipokezi kinaweza kulala na kuamka kwa kitambo kidogo kila baada ya sekunde kadhaa, kikala wastani wa mikroampea 10 tu, yaani sehemu moja ya elfu ya zile miliampea 10. Kwa hesabu tupu, betri ileile ingedumu zaidi ya miaka 20. Betri za lithiamu zisizochajiwa, zile zinazowekwa kwenye mita, hukaa hata miaka kumi. Na Banksy alisema "miaka michache", hakusema 2006.

Hata hivyo, kusikiliza rimoti ni kazi nyepesi. Kuvuta kitambaa kupita kwenye safu ya visu ni kazi nyingine kabisa. Mota hudai mkondo mkubwa kwa mkupuo, na betri kongwe hulegea hapo hapo. Kwa hiyo naegemea upande wa wanaosema kuna mkono uliogusa fremu ile karibu na siku ya mnada, ama kubadili betri, ama kuwasha swichi iliyofichwa. Sotheby's walikana kujua lolote, na hilo halipingani na ninachosema: picha ina watu wengi wanaoishika kabla ya kufika ukutani.

Na kule kukwama? Video ya pili ya Banksy ilidai kwamba kwenye mazoezi mashine ilimaliza kazi kila mara. Ikiwa ni kweli, basi nguvu zilipungua au kitambaa kilibana, na dalili zote mbili zinamrudisha mtu kwenye betri. Mashine ya ofisini ya kuchana karatasi ikikwama hivyo unairudisha dukani. Hii ilipandisha bei karibu mara 18.