Gari Langu, Busu Lake

Ijumaa usiku nyumbani kwetu hatutazami filamu. Tunatazama trela.

Mke wangu anataka mapenzi, mimi nataka mabomu, na shemeji yangu, mdogo wake, anataka chochote ilimradi tuanze. Rimoti anashika yeye, maana ndiye pekee asiye na upande. Anapita safu ya zinazovuma, anapita safu ya "kwa kuwa ulitazama", anazunguka mpaka tunajikuta palepale tulipoanzia, na akitulia kidogo tu juu ya kava yoyote, trela inaanza kupiga kelele yenyewe. (Kuna mahali kwenye mipangilio pa kuizima. Kila mmoja wetu anasubiri mwenzake aizime.)

Usiku huo shemeji akatoa wazo: rimoti ipumzike. Kila mtu aingie kwenye profaili yake kwa simu yake, achague filamu moja tu, aje aitetee.

Mimi nikaja na yangu. Kava ina gari liko hewani, nyuma moto unawaka, mbele mwanamume mwenye kovu shavuni amekunja uso. Mke wangu akaja na yake: mwanamume na mwanamke wamelowa mvua, wamefumba macho, midomo imebakiza inchi moja ikutane. Jina la filamu yake lilikuwa la Kifaransa. Anajifunza Kifaransa siku hizi, kwa hiyo profaili yake nzima ameigeuza lugha hiyo, na majina ya filamu nayo yakageuka.

"Hiyo naijua hata sijaiona," nikamwambia. "Watalia, watanyeshewa, watalia tena."

"Na yako, mume wangu, gari litaruka. Halafu? Litarudi chini."

Hapo tukapamba moto. Nikasema filamu yake haina hadithi. Akasema yangu imetungwa na watu wasiosalimia majirani. Nikasema huyo bwana wa mvuani ana sura ya mtu anayekopa halafu anazima simu. Akasema afadhali huyo, kuliko hilo jambazi langu lenye kovu ambalo yeye asingelifungulia hata dirisha.

Shemeji alikaa katikati yetu. Akaangalia simu yangu, akaangalia ya dada yake, akarudi kwenye yangu. Akafungua mdomo, akaufunga, akakohoa. Kisha akasema, kwa upole wa kutilia shaka, "Basi turushe sarafu."

Sarafu ikampa dada yake ushindi. Tukaifungua kwenye runinga kwa profaili yake, na mimi nikakunja mikono, nimejiandaa kusinzia kwa maksudi ili ujumbe ufike.

Nilikuwa nimeshaanza kukoroma kwa kuigiza gari liliporuka.

Nikaruka nalo. "Gari langu hilo! Filamu yako imeiba gari la filamu yangu!"

"Kaa chini, unaniziba."

Mwanamume akatoka kwenye moshi, akageuza uso. Kovu hilo hapo. Sebule ikanyamaza. Nikachukua simu yangu, mke wangu akachukua yake, tukaziweka pamoja. Mwaka uleule, waigizaji walewale, urefu saa 1 na dakika 52 kote kote. Yule bwana wa mvuani alikuwa amepigwa picha upande usio na kovu.

Shemeji alikuwa ameshateleza kutoka kwenye kochi, yuko sakafuni anafuta machozi. "Nilitaka kusema, shemeji. Lakini mlivyokuwa mnaitukana filamu moja kwa zamu, nikaona hakuna filamu itakayoifikia hiyo."

Netflix walilieleza jambo hili hadharani mwaka 2017: filamu moja hupewa picha tofauti kulingana na mazoea ya mtazamaji, mpenda mapenzi akawekewa wapendanao, mpenda vichekesho akawekewa mchekeshaji. Huduma yetu, ambayo siitaji, inaelekea ilisoma shule hiyohiyo. Ni mshenga anayesifia kila upande kile unachotaka kusikia.

Na wote wawili tulipunjwa. Gari liliruka mara hiyo moja, likarudi chini, kama alivyotabiri mke wangu. Busu lilikatizwa na simu. Muda wote uliobaki ni ndugu watatu mahakamani wanagombea shamba la marehemu baba yao, na hakimu mwenye mafua.

Nilitaka kuipa dole gumba la chini, lakini profaili si yangu. Mwenyewe alivutiwa na kesi, akaipa la juu, na sasa safu zake zote zimejaa mawakili wa Kifaransa. Profaili yangu haina habari kwamba nimeshaiona, bado inanisihi niitazame. Juzi imenibadilishia kava: yule mwenye kovu ameshika bunduki, juu yake kuna helikopta. Helikopta hiyo sikumbuki kuiona popote.

Ila inawezekana ilipita nikiwa nakoroma.