Samadi Iliyokosa Shamba

Ng'ombe wa maziwa aliyeshiba hutoa kinyesi na mkojo wa kilo 50 au zaidi kwa siku. Mwenye ng'ombe wawili na shamba la mahindi huuita mzigo huo samadi, na wala haumtoshi. Mwenye ng'ombe 5,000 bandani, wanaokula chakula kilicholetwa kwa malori, huuita taka. Kinyesi ni kilekile. Kinachokosekana ni ardhi ya kukipokea.

Ndiyo maana husita nikiambiwa mtambo wa biogesi, unaoozesha kinyesi bila hewa na kunasa gesi yake, ndio dawa. Wanaoutetea wana hoja nzito. Tope la kinyesi likilala bwawani bila hewa, vijidudu hutengeneza methani, na kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto takriban mara 27 kuliko kilo ya kaboni dioksidi, kwa kipimo cha miaka 100. Heri inaswe iendeshe jenereta. Harufu nayo hupungua, na aliyewahi kukaa jirani na banda la nguruwe anajua hilo si jambo dogo.

Ila gesi hiyo huondoka na kaboni tu. Naitrojeni na fosforasi, virutubisho vinavyolisha mimea lakini huchafua maji vikizidi, zilizoingia mtamboni hutokea upande wa pili karibu zote, ndani ya tope jepesi ambalo bado linatafuta shamba. Tena sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo imekwisha kuwa amonia: ukiimwaga juujuu siku ya jua, inapeperuka.

Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 1991, uliweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka katika maeneo ambayo maji yake yamo hatarini kuchafuliwa. Uholanzi, yenye mifugo tele kwenye ardhi finyu, iliruhusiwa kukivuka kwa miaka mingi. Mwaka 2019 mahakama ya huko ikabatilisha mfumo wa vibali vilivyowaruhusu wafugaji na wengine kutoa naitrojeni hewani, na matrekta ya wafugaji yakajaa barabarani. Siwalaumu sana. Walikopa kupanua mabanda wakati sera na benki zikiwashangilia.

Kupeleka samadi kwa wakulima wa mbali? Wazo zuri, mpaka upige hesabu ya dizeli. Tope la nguruwe ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo lori linasafirisha maji. Huko Uholanzi mfugaji ndiye anayelipa ili samadi yake ichukuliwe.