Chai Ikiharibika, Onja Maji

Bibi yangu wa Makunduchi alikuwa na mtungi usioguswa na mtu. Ndani mlikuwa na maji ya mvua ya masika, na kazi yake ilikuwa moja tu: chai. Ya kisimani yalikuwa ya kufulia na kuoshea vyombo. "Maji ya kisima yanaua majani," alikuwa akisema.

Alisema kweli. Upande ule wa Unguja tumekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mvua ikipenya humo hubeba chokaa, ndiyo maana maji ya visima ni magumu: sabuni haitoi povu, birika linaganda ukoko mweupe. Ukiyachemshia chai, kalsiamu na bikaboneti, madini yatokanayo na chokaa hiyo, hukutana na majani na kufanya ule utando unaoelea juu na kunata pembeni mwa kikombe. Kamulia ndimu uone: utando hautokei. Kahawa nayo hupooza, maana bikaboneti huzima uchachu mzuri wa buni.

Waliolishughulikia sana jambo hili ni watengeneza bia. Mimi si mnywaji, ila habari zao zimenifunza mengi. Maji ya Plzeň, kule Cheki, ni laini mno, na mwaka 1842 Josef Groll alitengeneza kwa maji hayo bia ya rangi ya dhahabu, laini mdomoni. Ya Burton upon Trent, Uingereza, yamejaa madini ya jasi, na salfeti yake huukoleza uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia. Ya Dublin, Ayalandi, yana bikaboneti nyingi, hayapatani na kimea cheupe, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa bila kuunguzwa. Kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi kina asidi ya kuyasawazisha, na mji ukajulikana kwa bia nyeusi. Siku hizi mtengeneza bia huyapima maji kwanza, kisha huongeza au kupunguza madini.

Sisi je? Barazani kahawa ikipwaya tunamlaumu muuzaji, tunalaumu buni, tunalaumu hata dele. Maji hatuyaulizi. Na huku masika yote yanamwagika kutoka kwenye mabati hadi barabarani. Linaniuma hilo.

Juzi nilimpikia mama vikombe viwili, majani yale yale, sukari ile ile: kimoja maji ya kisima, kimoja ya mvua. Sikumwambia kipi ni kipi. Cha kwanza alikionja akakiweka. Cha pili alikimaliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza ule mtungi wa bibi aliuchukua nani.