Vidato Viwili Chini ya Mlango

Shangazi yangu alikasirika kweli. Ilikuwa wiki ya tatu tangu binti yetu agundulike kuwa na saratani ya damu, naye alitaka kujua ni akina nani wamekuja kumjulia hali. Nikamwambia hakuna aliyeingia ndani. Akanyamaza kwenye simu, halafu akasema: "Mwanangu, huko mmekwenda kuishi na watu au na miti?"

Sikumjibu, maana moyoni nilikuwa upande wake. Kwa miaka tisa niliyokaa ughaibuni nimekuwa bingwa wa kuwasema wenyeji: hawasalimiani, kila mtu na lake, jirani akifa watajua kwa harufu. Watu wapo kwetu nyumbani. Nadhani kila aliyehamia mbali anaijua hotuba hiyo, na mimi niliitoa hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Ugonjwa huu una tabia yake. Lukemia ya ghafla ya chembe za limfu, yaani hiyo saratani ya damu ya binti yetu, ndiyo saratani inayowapata watoto wengi zaidi kuliko nyingine yoyote, na dawa zinazoiua huua pia chembe nyeupe zinazomkinga mtoto. Siku chembe hizo zinapoporomoka, mafua ya mgeni ambaye hata hajajijua kwamba anaumwa yanatosha kumlaza mtoto hoi. Tulipewa amri moja: kipimajoto kikifika nyuzi 38, msimpe dawa ya kushusha homa, msingoje kupambazuke, mleteni. Mara nne tulimbeba usiku wa manane, amefungwa blanketi, kaka yake analia mlangoni kwa sababu hajui nani atabaki naye.

Sasa hebu piga picha ya nyumbani. Sebule imejaa, watoto wa majirani wamepanda kitandani, kila mtu mzima anamshika paji la uso mgonjwa na kusema "pole mama". Ninaupenda umati ule, umenilea. Lakini kwa mtoto asiye na kinga, ungeweza kummaliza kwa mapenzi tu.

Jirani wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima ambaye tulizoea kupungiana mikono tu, aligonga mlango siku moja, kisha akarudi nyuma. Alishuka vidato viwili vya ngazi na kusimama pale. Mkononi ana karatasi aliyoichora safu saba, za siku za wiki. Hakuuliza "niwasaidie nini?", swali ambalo mzazi aliyechoka hana jibu lake. Aliuliza: "Kitu gani hamtaki kabisa mtu mwingine awafanyie?"

Mke wangu akafikiri, akasema, "Choo." Hakuwa anatania. Mkojo wa mtoto aliye kwenye dawa hizi unashikwa kwa glavu, na hatukutaka kumtwisha mtu mwingine jambo hilo. Basi, choo kikabaki chetu, mengine yote yakapata wenyewe: nani atampeleka kaka mtu shuleni, nani atakuwa na gari siku za kliniki, nani atafua. Mtu wa Alhamisi sijawahi kumwona uso. Mfuko wa nguo chafu ulitoka asubuhi ukarudi jioni, nguo zimekunjwa, soksi zimeunganishwa jozi jozi, hata zile ndogo zenye matundu ambazo mimi ningezitupa. Karatasi ile ilikaa kwenye mlango wa friji miezi kumi na minne.

Halafu kuna wale wa damu. Chembe sahani, zile zinazozuia mtoto asitokwe damu ovyo, hazihifadhiki kama unga. Hudumu siku tano, saba zikizidi. Kwa hiyo kila mfuko ule wa manjano hafifu uliotundikwa juu ya kitanda cha binti yangu ulitoka kwa mtu aliyekaa kwenye kiti na sindano mkononi wiki hiyo hiyo. Nilihesabu kumi na tisa. Hakuna hata mmoja kati yao ninayeweza kumshukuru kwa jina.

Ila karatasi haikuwa na safu ya saa nane usiku. Saa hiyo wodini unasikia mlio wa mashine ya dripu na pumzi za mtoto, na huwezi kumwamsha jirani kumwambia unaogopa. Nyumbani ni saa nne asubuhi. Shangazi alikuwa macho, mke wa mjomba alikuwa macho. Walituma sauti ndefu ndefu zisizo na habari yoyote: mvua imenyesha, fulani kaposwa, mbuzi kaingia ukumbini. Hizo ndizo zilizonivusha hadi alfajiri.

Mjomba mwenyewe aling'ang'ania dawa za miti. Nilimkatalia, kisha nikamwambia jambo lililomfurahisha kupita kiasi: vinkristini, mojawapo ya dawa kuu za binti yangu, asili yake ni ua la Madagaska. Tangu siku hiyo anatembea kama daktari.

Lakini kuna jambo linaniuma. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali kwenye nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Sababu si dawa peke yake. Ugonjwa hugunduliwa umechelewa, na wengine huacha matibabu njiani kwa kuwa nauli imekwisha, au hakuna pa kulala karibu na hospitali, au watoto waliobaki hawana wa kuwaangalia. Hapo ndipo umati wetu ungefanya kazi ambayo karatasi ya safu saba haiwezi. Sisi tunajua kukusanyana. Tatizo ni kwamba tunakusanyika kitandani kwa mgonjwa, wakati anayehitaji nauli yuko stendi.

Nilimwambia shangazi hayo, akaguna tu. Siku binti alipomeza kidonge cha mwisho, alituma sauti ya dakika sita ya kumshukuru yule mama wa chini, na kupitia kwake mtu wa Alhamisi. Yote Kiswahili. Nikagonga kwake, akapanda nami hadi kwetu, nikabonyeza simu kabla sijatafsiri neno. Mlango ulikuwa wazi na mtoto anaruka ruka sebuleni. Akasikiliza hadi mwisho, bado amesimama vidato viwili chini.