Jabal Nur, mie na kizunguzungu changu

Mie mtu wa Mtambile, Pemba, na sijawahi kupanda mkarafuu. Anayeijua Pemba ashaelewa aibu yake. Msimu ukifika ndugu zangu wako juu wanachuma, mie niko chini na watoto naokota karafuu zilizodondoka na kuchambua makonyo, vile vikonyo vyake, maana nikifika tawi la tatu tu magoti yanagongana na nchi inazunguka. Sasa mtu huyo huyo mwaka juzi kaenda umra, na kikundi chetu kikaamua baada ya alfajiri twende Jabal Nur, lile jabali la Makka lenye pango la Hira, alikoshushiwa Mtume wahyi wa kwanza.

Niseme mapema, kupanda Jabal Nur si katika ibada za umra wala za hija, usipopanda hupungukiwi kitu. Mie nilipanda kwa kuwa niliona haya, basi. Jabali lenyewe ni kama mita 640 toka usawa wa bahari, si zote unazipanda kwa vile Makka yenyewe ishakuwa juu, lakini kwa mtu wa kisiwa ambacho kilima chake kirefu hata mita 150 hakifiki, lile ni ukuta. Jiwe kavu, mti wa kushika hakuna, ngazi nyengine fupi nyengine zafika gotini, na nyani wamekaa pembeni wanakutazama kama wewe ndo kioja.

Katikati nikaganda. Na hapa ndo nina langu la kusema, hili neno "usiogope, usitazame chini" halina faida yoyote. Wenzangu wote waliniambia hilo, mmoja akaongeza "mtegemee Mungu", kana kwamba imani nimeiacha hotelini. Mwili unajisimamisha kwa macho, kwa sikio la ndani na kwa nyayo, sasa ukiwa juu kila kitu kiko mbali, macho hayana cha karibu cha kujipimia, basi unaanza kuyumba kweli na kichwa kinapiga kelele. Sasa huyo ukimwambia asitazame chini, mguu atauweka wapi?

Aliyenifaa ni mzee mmoja wa Konde, mchumaji wa zamani. Kanambia, "Mwanangu, tazama jiwe la mbele yako tu. Na mkono usiuachie mpaka mguu ushakaa." Kumbe ndivyo wanavyopanda mikarafuu! Miaka yote ile hakuna aliyenifundisha, kazi yao kunicheka. Tukaenda hivo jiwe kwa jiwe, watu wanatupita, bibi mmoja na fimbo yake naye katupita, mie namfikiria Bi Khadija, mkewe Mtume, akimpelekea chakula pangoni, na ngazi zenyewe enzi hizo hazipo.

Halafu ukifika juu pango haliko kileleni, unateremka tena upande wa pili na kujipenyeza kati ya majabali mpaka ufike. Ni padogo mno. Nililia, na hayo mengine yangu mwenyewe.

Kushuka ndo balaa, maana hapo bonde lote liko usoni kwako. Sehemu nyingi nimeshuka kwa makalio, kanzu ikachanika nyuma.

Msimu uliofuata kaka'angu kanambia, "Ushapanda Jabal Nur, mkarafuu utakushinda?" Nikamwambia jabali halitikisiki ukivuma upepo, nikarudi kwenye makonyo yangu.