Jo alimsamehe Amy, ila sio kwa sababu aliombwa msamaha

Kila nikikutana na mtu aliyesoma Little Women namuuliza swali lilelile, kwenye ile ishu ya daftari wewe uko upande wa nani, Jo au Amy? Na hata wale waliosoma zamani wakasahau nusu ya kitabu, hapo lazima waanze kubishana.

Kwa ambaye hajakisoma, ni kitabu cha Louisa May Alcott, Marekani, sehemu ya kwanza ilitoka 1868. Mabinti wanne wanaishi na mama yao, baba yuko vitani. Jo ana miaka 15 na maisha yake yote ni kuandika, Amy ndo kitinda mimba, ana 12. Siku moja Jo na dada yao mkubwa wanaalikwa na jirani yao Laurie kwenda kuangalia maigizo, Amy naye anataka kwenda, Jo anamkatalia tena kwa maneno ya kuudhi kabisa, Amy anabaki juu ya ngazi analia anamwambia utajuta. Kesho yake Jo anatafuta daftari lake la hadithi halioni. Amy anasema nimelichoma.

Hadithi alizozihangaikia miaka kadhaa, ambazo alitaka baba yake akirudi azikute zimekamilika, na mbaya zaidi alikuwa ndo katoka kuzinakili vizuri kwenye hilo daftari na zile karatasi za mwanzo akaziharibu. Hakuna kopi. Jo akamkamata mdogo wake akamtikisa mpaka meno yakagongana.

Jioni Amy akaja kuomba msamaha, na aliomba kweli, sio kwa kulazimishwa mdomo tu. Jo akamjibu sitakusamehe maisha yangu yote. Wakati wa kulala mama yao akamnong'oneza asiache jua lizame na hasira yake, Jo akagoma.

Sasa watu wengi wanasema hapo ndo Jo alikosea. Mimi nakataa kabisa. Zilikuwa zimepita saa chache tu jamani! Mdogo wangu aliwahi kufuta rekodi za sauti za bibi yetu kwenye simu yangu ili apate nafasi ya kuweka gemu, rekodi za bibi anatusimulia mambo ya utoto wake, na bibi alikuwa ameshafariki. Aliomba msamaha siku hiyohiyo, na kuanzia hapo nyumba nzima ikanigeukia mimi, ameshaomba msamaha unataka nini tena, yaishe. Yaani ndani ya siku moja mwenye kosa nikawa mimi niliyenuna. Kuomba msamaha ni kuomba, na anayeombwa ana haki ya kuchelewa, bado anahesabu alichopoteza.

Kosa la Jo lipo mtoni. Siku iliyofuata anaenda na Laurie kuteleza kwenye barafu, Amy anawakimbilia nyuma akitaka wapatane, Jo anamuona ila anauchuna. Laurie anatangulia kukagua barafu, anageuka anapaza sauti, tukae karibu na ukingo, katikati sio salama. Jo anasikia. Amy yuko nyuma huko anahangaika na viatu vyake, hasikii neno. Na Jo anageuka kumuangalia, anajua kabisa inawezekana hajasikia, halafu moyoni anajisemea shauri yake, ajijue mwenyewe, anaendelea zake. Ni sekunde tu. Barafu inapasuka, mikono inarushwa juu, na kinachoonekana ni kofia ndogo ya bluu juu ya maji meusi. Jo anajaribu kukimbia miguu inagoma, anajaribu kumuita Laurie sauti haitoki. Laurie ndo analala kifudifudi anamshikilia Amy huku anamuagiza Jo ang'oe boriti kwenye uzio alete haraka.

Kila nikisoma hapo naona kilichomlainisha Jo sio machozi ya Amy ya jana yake, ni kujiona yeye mwenyewe. Amy alichoma kwa hasira, Jo akanyamaza kwa hasira, na huko kunyamaza kwake ndo kulikaribia kuua mtu. Usiku ule analia kwa mama yake kwamba hasira zake zinamtisha, na mama, yule mpole ambaye watoto walidhani hajui hata kukasirika, anamwambia na mimi nina hasira karibu kila siku, nimepambana nazo miaka 40 na nilichofanikiwa ni kuzizuia tu. Hapo mama hamwambii mbona ni karatasi tu, wala hasemi Amy ni mtoto muache, anakaa upande wa mtoto wake kama mwenye ugonjwa uleule. Halafu Amy anafumbua macho, wanakumbatiana, hakuna hotuba. Na daftari halirudi. Napenda sana kwamba mwandishi hakulirudisha.

Alcott alimchora Jo kutoka kwake mwenyewe, na Amy kutoka kwa mdogo wake, May. Angalia hayo majina, herufi ni zilezile zimebadilishwa nafasi. Michoro ya toleo la kwanza la 1868 aliichora huyohuyo May, na wahakiki waliiponda. Baadaye Louisa alitumia hela za vitabu kumpeleka mdogo wake Ulaya akasomee uchoraji. Huko May akaolewa, akajifungua binti Novemba 1879, na wiki chache baadaye akafariki. Mtoto alikuwa amepewa jina la Louisa, na kwa matakwa ya mama yake akapelekwa kwa mama yake mkubwa. Mwaka 1880 Louisa alienda bandarini Boston kumpokea, akamlea mpaka alipofariki mwenyewe 1888.