Kenge Ndani ya Birika

Leo nimeamka nina mayai kumi na moja. Ilipofika saa nne sina hata moja, ugoko umevimba kama shelisheli, na konda wa daladala ananiuliza mbele za watu, "Mzee, vipi tena, mpira?" Nikamjibu kwa heshima zangu zote kuwa nimeteleza. Mtu mzima mwenye kofia yake kichwani hawezi kukaa ndani ya gari la kwetu Mwera, Unguja, akasema kachapwa na kenge.

Maana kenge kwetu ni tusi. Mtu akikukanyaga sokoni unamwambia kenge we, basi, umemaliza. Mke wangu kila siku ananiambia mie nina sikio la kenge, ati sisikii mpaka damu zinitoke. Sasa leo nimemtazama mwenyewe kwa karibu, karibu kuliko nilivyopenda, na sikio analo. Tundu hilo hapo nyuma ya jicho, wazi kama la kufuli. Anasikia vizuri tu. Anapuuza, kama wale ninaowapigia simu kuhusu maji.

Kuku wangu mwekundu alikuwa kwenye siku ya kumi na nane ya kuatamia. Zimebaki tatu! Vifaranga nishavigawa kichwani: hawa wa Idi, hawa wa ada ya skuli, huyu mmoja wa kumnyamazisha shemeji. Saa tatu nasikia kelele bandani. Natoka na ufagio wa chelewa, ndio uliokuwa karibu, namkuta bwana mkubwa ametulia, urefu wake mita moja na nusu hivi, mgongo rangi ya matope na madoadoa ya manjano, kainua kichwa juu kama mtu anayetia dawa ya pua. Koo linapanda, linashuka. Yai zima. La kumi na moja, maana mengine sikuyaona hata maganda.

Mwanangu wa kidato cha tatu, badala ya kushika panga, kashika simu.

"Baba, huyu jina lake la kitaalamu Varanus niloticus. Hilo la niloticus kapewa na mtaalamu Linnaeus mwaka 1766."

"Haya."

"Niloticus, yaani wa Mto Nile."

"Nile! Na nauli ya kuja Mwera kalipiwa na nani?"

Toka 1766 wataalamu wanamjua mpaka jina la baba yake, na hakuna hata mmoja aliyekaa akatengeneza mlango wa banda usiofunguliwa na makucha yale. Kijana haachi. Ati kenge damu yake baridi, asubuhi na mapema anakuwa mzito, mpaka aote jua ndipo mwili unachangamka. "Ungemwahi saa kumi na mbili, baba." Saa kumi na mbili nilikuwa napanga ndoo! Yeye huku kalala juu ya ukuta wangu, anapasha moto injini kwa jua la bure.

Akachomoa ulimi. Mrefu, wa panda mbili, unatoka unaingia, unatoka unaingia. Kijana anasema ndivyo anavyonusa, ulimi unaokota harufu hewani na kuipeleka juu kwenye kaakaa. Kwa maneno mengine, yakhe, nilikuwa naonjwa. Nikasonga mbele hatua moja ili nisionekane na jirani kuwa narudi nyuma. Kenge akajaza shingo upepo, akatoa mlio kama mpira wa baiskeli unaovuja, na kabla sijanyanyua ufagio, mkia! Hakutumia meno, meno kaniwekea akiba. Mkia ule ni mgumu, umebanwa ubavuni kama kasia, ndio anaoogelea nao, na leo umeogelea kwenye ugoko wangu. Nikakaa chini bila kukusudia.

Naye badala ya kukimbilia bondeni alikotoka, akapita jikoni, akaingia chooni, akapanda ukuta kama fundi, akajitosa ndani ya birika, lile tangi letu la saruji la kuwekea maji.

Birika nililolijaza usiku. Ndoo thelathini, kwa mabega haya.

Hapo ndipo mtaa ulipokuja. Mmoja anasema tumwachie, akikosa pumzi atatoka. Kijana akamjibu kwa adabu kuwa huyu anakaa chini ya maji muda mrefu bila shida yoyote. Mwingine akasema tumtegee kichwa cha jodari. Nikamuuliza jodari huyo yuko kwa nani, akanyamaza. Bibi wa nyumba ya tatu akataka kujua kama kweli alinipiga au nilianguka mwenyewe. Dakika zinakwenda, sote tumeinama juu ya birika kama watu wanaotazama kisima, na kule chini yeye katandika kidevu chake kwenye saruji, macho wazi. Akipanda, anatoa tundu za pua tu, anavuta, anashuka. Raha mustarehe. Mie mwenye nyumba siku ya mwisho kuzama ndani ya maji mengi kiasi kile siikumbuki.

Mke wangu hakusema kitu. Alipita katikati yetu, akakunja mkono wa dera, akachomoa kile kitambaa tunachozibia tundu la chini.

Nikayaona maji yanakwenda. Ndoo ya kwanza, ya tano, ya ishirini. Yalipokwisha kenge akatoka pole pole, akavuka kizingiti, akatupita sote, akashika njia ya bonde la mpunga. Hakugeuka.

Jioni kijana kanizidishia uchungu. Ati kenge jike hata kuatamia haatamii. Mvua zikilainisha ardhi anachimba kwenye kichuguu, anataga mayai ishirini mpaka sitini, anakwenda zake. Mchwa wenyewe wanaliziba tundu! Humo ndani joto halipungui, unyevu haukatiki, na miezi mingi baadaye watoto wanajichimbia kutoka. Nyumba bure, fundi bure. Msingi wangu mie una miaka tisa, majani yanaota ndani, na fundi kila akija anataka kwanza ya chai.

Na chakula hachagui. Kaa wa mikokoni, chura, konokono, panya, samaki, mzoga. Ati kenge mtu mzima meno ya nyuma yanabutuka, ndiyo anayovunjia makombe ya konokono. Mie gego langu limeshindwa na kashata.

Barazani nikauliza tu, kwa upole, kama birika aliloogea kenge linataka kusuguliwa mara ngapi. Nilikosea. Ubishi ulianza hapo mpaka adhana ya magharibi, na baada ya sala ukaendelea, ila sasa ulikuwa umeshahamia bei ya karafuu. Mzee mmoja akasema tusilalamike, kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Mamba gani? Toka nizaliwe sijasikia mamba Mto Mwera. Msafara wote ni wa kenge, na leo ulipita chooni kwangu.

Sasa ni saa nane usiku. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nasubiri bomba likohoe. Limekohoa mara moja, likatoa upepo. Kuku wamekataa kurudi bandani, wako juu ya mwembe, isipokuwa yule mwekundu, yeye kalala juu ya kiti cha vespa. Kiti nimekibadilisha ngozi juzi. Nimemwambia ashuke, kanitazama, kisha kajipanga vizuri kama mtu aliye juu ya mayai.